Inteki ya hewa baridi: angalia kwanza paipu inavuta hewa wapi

Inteki ya hewa baridi ni paipu na filta za kuiletea injini hewa ya nje isiyo na joto. Kabla ya kununua paipu yoyote ya kung'aa, fungua boneti ufuate hozi ya hewa kutoka kwenye throto (mlango wa hewa wa injini) hadi mwisho wake. Kwenye Toyota nyingi za hapa Nairobi utakuta boksi la ea klina lenye mdomo unaochungulia mbele, juu ya radieta au nyuma ya taa kubwa. Maana yake gari tayari linavuta hewa ya nje. Ukiling'oa boksi hilo ukaweka filta ya koni iliyo wazi kando ya injini, umeondoa hewa baridi na kuweka hewa moto. Hewa ya nyuzi 25 ikipashwa hadi nyuzi 55, inapungua uzito kwa karibu asilimia 9 katika ujazo uleule. Na huku juu hatuna hewa ya kupoteza: shinikizo la Nairobi ni kama kilopaskali 82 au 83, wakati Mombasa ni kama 101. Injini isiyo na turbo inasikia pengo hilo kila inapopanda mlima.

Kwa injini ndogo, kama ya Fielder ya cc 1500, faida ni kidogo hata kazi ikifanywa vizuri. Utapata nguvu chache kwenye mizunguko ya juu, na mlio. Kama gari limezubaa, anza na filta mpya, plagi na kusafisha throto. Inteki ni ya mtu ambaye hayo yote ameshayamaliza.

Kinachowasumbua wengi ni sensa ya MAF. Sensa hii hupima hewa inayopita kwa waya wa moto, na kompyuta ya gari inajua kipenyo cha bomba ambamo waya huo unakaa. Tuseme bomba la asili lina kipenyo cha ndani cha milimita 70, na paipu ya inteki uliyonunua ina 76. Nafasi ya kupitisha hewa imeongezeka kwa karibu asilimia 18, kwa hiyo hewa inapita polepole mbele ya waya, sensa inaripoti hewa pungufu, na petroli inayomwagwa inapungua pia. Injini inakauka. Kompyuta itajaribu kuongeza, lakini kwenye magari mengi masahihisho yakikaribia asilimia 25 taa ya injini inawaka na unasoma msimbo wa hitilafu P0171, yaani petroli ni pungufu kuliko hewa. Nenda na kalipa (kipimo cha kipenyo) dukani, iwe Kirinyaga Road au kwingineko, upime mahali sensa inapokaa. Muuzaji akikwambia "inaingia gari zote," mrudishie. Hakikisha pia kuna sentimita 10 hadi 15 za paipu iliyonyooka kabla ya sensa. Kona ikiwa karibu mno, hewa inazunguka na kipimo kinayumba gari likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta.

Kufungua ni kazi rahisi. Zima gari, toa ufunguo, acha injini ipoe. Maelekezo mengi yanataka utoe terminali hasi ya betri. Kama bado una redio ya Toyota iliyokuja na gari kutoka Japani, usikimbilie huko: nyingi hujifunga umeme ukikatika, zikaanza kudai msimbo au kadi ya ramani. Ufunguo ukiwa nje, kuchomoa plagi ya sensa hakuna hatari.

Bonyeza kufuli ya plagi ndipo uvute, usivute waya. Legeza klipu ya hozi kwenye throto, chomoa hozi ya kupumulia injini inayotoka kwenye kifuniko cha valvu, kisha ufungue boliti za boksi kwa soketi ya 10. Hozi ya zamani imekakamaa, kwa hiyo izungushe kwanza ndipo uivute, la sivyo itapasuka. Mdomo wa throto ukiwa wazi, uzibe kwa kitambaa safi papo hapo. Boksi la zamani lihifadhi na boliti zake zote.

Sensa inashikiliwa na skrubu mbili. Itoe bila kugusa waya wa ndani, angalia kama oringi (mpira wa duara wa kuziba) ni nzima, na uiweke kwenye paipu mpya mshale ukielekea kwenye injini. Ikigeuzwa, vipimo vinaharibika. Kama ni chafu, tumia dawa ya kupuliza ya MAF pekee, na uiache ikauke yenyewe.

Panga paipu nzima klipu zikiwa zimelegea. Kila paipu iingie ndani ya mpira wa kiungo angalau sentimita 2.5. Anza kukaza kutoka kwenye throto kwenda nje, na usikaze kwa hasira, maana baadhi ya throto siku hizi ni za plastiki. Rudisha hozi ya kupumulia. Ikiachwa wazi, sensa haitajua hewa inayoingilia hapo. Acha sentimita 2 kati ya paipu na kila kitu kigumu, kwa sababu injini hutikisika kwenye mauntini zake, yaani mipira inayoishikilia. Kwa boneti, weka donge la unga wa chapati lililofungwa kwenye nailoni juu ya paipu, funga, fungua, kisha upime unene uliobaki.

Halafu jenga ukuta wa kukinga joto. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji watakukunjia karatasi ya alumini ukiwapelekea kielelezo cha katoni. Ukingo wa juu uvishwe mpira unaogusa boneti, na upande wa mbele uachwe wazi kwenye njia ya hewa ya nje. Bila ukuta huu, kazi yote ni mapambo.

Washa gari, kisha usome masahihisho ya petroli kwa kifaa cha OBD, kile kinachosoma kompyuta ya gari. Yakiwa juu kwenye sailensa na kushuka ukifika mizunguko 2,500, kuna hewa inayovuja baada ya throto, pengine kihozi kilichosahaulika. Yakipanda pamoja na mizunguko, sensa inasoma pungufu: rudi kwenye kipenyo.

Filta isishushwe chini ya bampa, hata kama hewa ya huko ni baridi zaidi. Mvua za Machi hadi Mei zikijaza South C na Mombasa Road, filta iliyo chini inanyonya maji, na maji hayabanwi ndani ya silinda. Konrodi, mkono unaoshika pistoni, ndiyo inayopinda.

Wanaopita barabara za vumbi za Ruai au Kitengela, mimi naona heri filta kavu kuliko ya pamba iliyopakwa mafuta. Ya mafuta ikizidishwa, mafuta yanarukia waya wa MAF na vumbi linagandia hapo. Kama ndiyo uliyo nayo, isuuze kutoka ndani kwenda nje, iache ikauke kivulini bila kompresa, paka mafuta kiasi cha rangi kuonekana tu, na usubiri yasambae kabla ya kuirudisha.