Re haisogei

Wiki hii nimeshikwa na kitu kimoja tu: kinanda kinachoenda kinyume. Vidole vinapanda kulia, sauti inashuka. Ukirudi kushoto, inapanda. Akina Bach, watunzi wa zamani wa Ulaya, walikuwa wakiugeuza muziki hivi kwa kalamu, juu ya karatasi, wametulia. Hapa nota inageuzwa papo hapo, kidole bado kiko chini.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Tangu MIDI, lugha ambayo vinanda na kompyuta huongea, ilipotoka mwaka 1983, kila nota ina namba, kuanzia 0 hadi 127, na do ya katikati ya kinanda ni 60. Unachagua nota moja iwe kioo, unazidisha namba yake kwa mbili, unatoa nota uliyobonyeza. Kioo changu ni re iliyo juu ya do hiyo, 62, kwa hiyo nilichoandika kwenye Pure Data, programu ya bure, ni 124 kutoa nota. Basi.

Kwa nini re? Tazama kinanda: kutoka kwenye re, vyeupe na vyeusi vimepangwa sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo cheupe huangukia cheupe. Waliokulia kwenye solfa watanielewa haraka. Do na mi zinabadilishana, fa na ti, so na la. Re haisogei. Sasa chukua zile kodi tatu (nota kadhaa zinazopigwa pamoja, si kodi za mapato) zinazobeba nyimbo zetu nyingi. Do-mi-so inatoka la-do-mi. Fa-la-do inatoka mi-so-ti. So-ti-re inatoka re-fa-la. Meja zote tatu, zile za furaha, zimekuwa maina, za huzuni, na hujagusa cheusi hata kimoja!

Jana nikaenda na mitambo yangu mazoezini, Igoma. Nikapiga pambio la sadaka ambalo kila mtu analijua, kigeuzi kimewashwa. Mwalimu wa kwaya ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani kafiwa?"

Sauti ya kwanza wakaangua kicheko. Nilipomwambia ni pambio gani, akasogea, akaniinamia mikononi, akasikiliza beti mbili bila neno.

"Mkono wako wa kushoto ndio unaimba."

Ni kweli. Kinachogeuka si nota tu, hata ngazi za sauti zinapinduka, besi inakaa juu kabisa. Na besi yetu ni do, fa, so, do, ambayo juu huko inasikika mi, ti, la, mi, tena na tena. Ikiwa chini hakuna anayeisikiliza. Mimi naona sauti ya nne, yaani besi, katika kwaya nyingi hupewa makombo, na sasa nina ushahidi.

Umeme ukakatika. Kinanda kinakula moto wa kompyuta kwa waya wa USB, kwa hiyo tukaendelea, spika ndogo ya betri mezani.

Kwa atakayejaribu: geuza pia ujumbe wa MIDI wa kuachia nota, si wa kubonyeza peke yake. Ukihamisha kioo huku vidole viko chini, kompyuta itazima nota nyingine, na ile ya kwanza itaendelea kulia hadi umkere kila mtu. Dawa ni programu ikumbuke kila kitufe kilitoa nota gani. Kuhusu kuchelewa, hesabu hailaumiwi. Ni bafa ya sauti, yaani vipande vya sauti (sampuli) ambavyo kompyuta hukusanya kabla ya kuvitoa: sampuli 256 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 6, sikio linavumilia.

Joe Zawinul, mpiga kinanda wa jazz, alishawahi kupiga sinthesaiza ya ARP 2600 iliyogeuzwa hivi, kabla MIDI haijakuwepo. Mimi vidole bado vinagoma, hasa kwenye nyimbo ninazozijua sana. Nyimbo ngeni zinakubali upesi.

Mwalimu anataka utangulizi wa Ijumaa Kuu. Wimbo uko kwenye ki ya G, yaani do yake ni G na re yake ni A, namba 69. Kwa hiyo itakuwa 138 kutoa nota, na ile F#, cheusi pekee cha ki hiyo, itaangukia C. Leo usiku naandika.