Spidi ya shata ilinielea kwenye maji ya bomba

Kwa anayeanza kupiga picha, naona modi yenye faida kuliko zote ni S, ambayo kwenye kamera za Canon huandikwa Tv. Unachagua mwenyewe spidi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga), kamera inajitafutia ufunguzi wa lenzi (ukubwa wa tundu la kupitisha mwanga). Mimi nilibaki kwenye modi hiyo mpaka nikaelewa.

Nilifungua bomba lililo karibu na dirisha, kamera nikaituliza juu ya meza, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) nikaiweka 200, nikawa nabadilisha spidi tu. Kwa 1/4 ya sekunde maji yalitoka kama utepe mweupe. Kwa 1/60 yakawa michirizi. Kwa 1/1000 yakakatika, kila tone limesimama peke yake hewani na nukta ya mwanga ubavuni. Bomba lenyewe lilikuwa lilelile katika picha zote. Nilifurahi mno, maana sasa nilijua mwendo unaonekana vile ninavyotaka mimi.

Ila ile ya 1/1000 ilikuwa na giza, na namba ya ufunguzi ilikuwa inawaka na kuzima: lenzi imeshafunguka hadi mwisho, f/3.5, na mwanga bado hautoshi. Nikapandisha ISO hadi 1600, yaani kuizidisha maradufu mara tatu, na picha ikang'aa vizuri. Hesabu yote iko hapo. Ukitoka 1/250 kwenda 1/500 umepunguza mwanga nusu. Unaurudisha kwa kutoa ISO 400 kwenda 800, au kufungua lenzi kutoka f/5.6 hadi f/4. (Ndiyo, namba ndogo ya f ndiyo tundu kubwa, ilinichukua muda kuzoea.)

ISO kubwa huleta chenga, yaani punjepunje kwenye picha, na wengi wanaiogopa kwa sababu hiyo. Mimi siiogopi. Picha yenye chenga bado inatazamika, lakini sura iliyovurugika kwa mwendo huwezi kuirudisha.

Siku hizi naanza na mwendo wa ninayempiga picha: aliyekaa, 1/125, anayetembea, 1/250, watoto wakikimbia, 1/500 au zaidi. Nikishika kamera mkononi naangalia na urefu wa fokasi wa lenzi (ile namba ya milimita): kwa milimita 200 sishuki chini ya 1/200. Kizuia mtikisiko cha lenzi kinasaidia mikono yangu, lakini mtoto anayekimbia hakimsimamishi. Kisha ndipo nagusa ufunguzi na ISO.