Friji la milango miwili

Jumamosi tulimzika baba mkubwa kule Muheza, Jumatatu nikakabidhiwa ile barua ya ukuu wa kitengo niliyoililia hapa miaka minne, na maji yamerudi Kimanga baada ya siku kumi na moja. Asanteni kwa rambirambi na kwa hongera, hayo yote nitayaandika. Leo siwezi. Ni saa tano usiku, Junior na baba yake wamelala, nami nimekaa jikoni na neno moja kichwani tangu Jumanne: friji.

Tulikuwa kwenye usaili. Nafasi moja, dawati la madai ya bima ya magari, ile aliyoiacha yule kijana aliyekwenda Doha. Walioitwa walikuwa saba. Upande wetu tulikaa wanne: Kalamu Nyekundu (bosi wangu, mnamjua), mhasibu, dada wa rasilimali watu, na mimi, mara yangu ya kwanza upande huo wa meza, barua ikiwa na umri wa siku moja mkobani.

Wa tano kuingia alikuwa binti wa Lindi. Sketi nyeusi, shati jeupe lililopigwa pasi na mtu mwenye hasira nalo, viatu vya chini. Akatuamkia, akasubiri kuambiwa akae. Stashahada yake ya bima ni nzuri, mafunzo kwa vitendo kayafanya, maswali ya fomu za madai kayajibu bila kubabaika. Kisha Kalamu Nyekundu akafunua ukurasa wa pili wa wasifu wake, akavua miwani.

"Hapa umeandika mshindi wa tatu, mashindano ya urembo, ngazi ya mkoa."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa binti, hapa kwetu mtu anakuja gari lake limegongwa Ubungo. Huo urembo unamsaidia nini?"

Yule binti akafungua mdomo. Kalamu Nyekundu hakumngoja.

"Haya, tumwache mteja. Wewe mwenyewe ulipata nini huko?"

"Friji."

Mhasibu ndiye aliyeanza kucheka. Dada wa rasilimali watu, ambaye huwa hacheki hata siku ya mshahara, akauliza: "Kubwa au dogo?" Na binti, bila kutabasamu, kama mtu anayeulizwa namba ya bima, akajibu: "La milango miwili." Hapo chumba kikavunjika. Mhasibu akapiga meza. Na mimi nilicheka. Sikutabasamu tu kwa adabu ya kikao, nilicheka mpaka nikaweka mkono mdomoni.

Chini ya kicheko hicho, kwa sauti ya mtu anayemalizia sentensi yake kwa sababu ameshaianza, binti akasema: "Mama anagandishia barafu za ukwaju. Ndizo zilizonilipia mwaka wa pili."

Nilikuwa karibu naye kuliko wote. Nadhani ni mimi peke yangu niliyesikia. Akanitazama, nikiwa bado na mkono mdomoni. Nikatazama chini, na kwa kuwa ile meza mpya ni ya kioo (niliwaambia wasiinunue), nikaona miguu yake: magoti pamoja, yameinama kidogo kushoto, kifundo kimoja nyuma ya kingine. Halafu nikaona ya kwangu. Hivyo hivyo. Miaka yote hii nakaa nilivyofundishwa mwaka 2005 kwenye ukumbi wa baa mchana, na matroni aliyekuwa akitupiga magoti kwa kipepeo cha ukindu.

Wasomaji wangu wa zamani mnajua habari za viatu vya kuazima vya dada Mwana, lakini nadhani sikuwahi kuandika viatu vile vilikuwa vya nini. Vilikuwa vya urembo huo huo. Shindano la kitongoji, upande wa Temeke, wasichana kumi na wawili, mimi namba nane. Kwa wadogo zangu wasiojua: enzi zile ukishinda kitongoji unakwenda ngazi ya Temeke, Ilala na Kinondoni nao wana lao, ukivuka hapo ndiyo unafika taifa. Mimi sikuvuka kitu. Tano bora niliikosa kwa nafasi moja. Nikapewa bahasha ya nauli, elfu tano, na chupa ya losheni iliyokwisha kufunguliwa. Picha ikatoka gazetini, ikamfikia baba ikiwa imefunga vitumbua. Akala kwanza, akakunjua karatasi, akamuuliza mama: "Huyu si wa kwetu?" Mama akasema anafanana tu.

Nirudi kwenye friji. Jumanne usiku nikioga nilimjibu Kalamu Nyekundu, kwa sauti, mpaka Baba Junior akagonga mlango kuuliza naongea na nani. Nilimwambia kwamba mwaka ule ule niliovaa namba nane, Nancy Sumari alitwaa taji la taifa, akaenda Sanya, China, akarudi Miss World wa Afrika, wa kwanza kutoka kwetu. Nikamwambia 2007 Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe kule Mexico na kichwa kimenyolewa kipara, akaingia kumi bora, wakati sisi tulikuwa tunakopa hela za kusukia. Nikamkumbusha kwamba Faraja Kotta wa 2004 ndiye huyo huyo Faraja Nyalandu wa Shule Direct, ambako wanafunzi wa sekondari wanachota notisi, na binti yake yeye Kalamu Nyekundu yumo. Na Millen Magese, taji la 2001, ndiye aliyesimama hadharani kusimulia endometriosisi yake, ugonjwa wa tishu za mji wa mimba kuota nje yake, maumivu ambayo sisi wengine tuliambiwa ndiyo uanamke wenyewe, meza panadoli ulale.

Kalamu Nyekundu wa bafuni naye si mjinga. Akanijibu na 2014, taji lilivyoleta maswali ya umri, aliyelivaa akalirudisha na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ikasimamisha mashindano. Akanikumbusha kwamba serikali iliyafungia tangu miaka ya 1960 na hayakurudi mpaka 1994, na wazee hawakuyafungia kwa wivu. Akaniuliza: na yale magari?

Sina jibu la yale magari. Usiku wa kuamkia fainali matroni alituambia kuna wadhamini wanataka kutusalimia, na nje yalikuwepo mawili. Kuna aliyekataa kupanda, na aliyekataa hakuingia tano bora. Sisemi ndiyo sababu, maana alikosea pia hatua mbili kwenye vazi la jioni. Alikuwa namba nane. Junior angekuwa wa kike akaniomba ruhusa, ningempa, halafu ningekwenda kulala mlangoni mwa kambi na sufuria langu.

Povu lilipoisha nikagundua kitu kingine, kibaya zaidi kwangu. Niliowataja wote ni washindi. Hata uandaaji wenyewe, mwaka 2018, ulikwenda kwa Basila Mwanukuzi aliyevaa taji 1998. Ukitetea jambo kwa washindi wake umetetea nini? Kwa njia hiyo hata bahati nasibu ina faida. Kalamu Nyekundu aliuliza swali la halali, kwamba wa tatu wa mkoa alipata nini, na wa tatu wa mkoa akampa jibu la kweli, lenye milango miwili, linalogandisha barafu mpaka leo. Lililo halisi kuliko chochote ndani ya ule wasifu. Na mimi wa sita wa kitongoji nikacheka na wenye meza.

Jumatano sikula. Jioni nikampigia Mama Zai wa Mbagala, namba tisa wangu, ambaye sasa ana duka la vifaa vya umeme Rangi Tatu na wanaume wazima wanamuamkia.

"Friji!" akapiga kelele. "Wenzetu walipewa friji? Mimi yangu ilikuwa khanga, tena ya kampeni!"

Nikamwambia asicheke, nina jambo zito. Nikamsimulia yote. Akanyamaza, nikasikia anamuuzia mtu balbu, akarudi.

"Huyo bosi wako aliuliza hivyo kwenye nini?"

"Usaili."

"Mnakaaje?"

"Sisi wanne mbele, wao wanaingia mmoja mmoja."

"Wana namba?"

"Wana namba."

"Mna karatasi za alama?"

Nikasema tunazo. Akaniambia nimsomee. Nikazitoa mkobani: mawasiliano, alama ishirini, ufahamu wa kazi, arobaini, kujiamini, thelathini. Nikafika mstari wa mwisho nikakwama. Muonekano na utanashati, alama kumi.

"Hebu rudia," akasema Mama Zai.

Nikarudia. Tulicheka wote wawili, yeye na balbu zake na mimi nimesimama kituo cha Tabata Bima watu wananitazama. Akauliza mwishoni mnawauliza nini. Nikamwambia swali la mwisho ni la Kalamu Nyekundu, kila mwaka hilo hilo: tukikupa nafasi hii, utaifanyia nini kampuni?

"Watoto yatima!" akalia Mama Zai.

Maana ndivyo tulivyojibu mwaka ule. Ukishinda utaifanyia nini jamii? Kati yetu kumi na wawili, kumi tulisema tutasaidia watoto yatima. Yatima wa Temeke usiku ule walipata walezi kumi kwa mpigo, na asubuhi hakuna aliyekumbuka hata kituo kimoja. Na Jumanne, kati ya saba, sita wamesema watailetea kampuni wateja wengi. Sita! Mshindi wetu wa 2005, kwa taarifa yenu, aliahidiwa kompyuta, na Mama Zai anasema walipokutana msibani mwaka jana bado anaiulizia.

Nilimuuliza yeye alipata nini. Akasema alipata mume pale pale ukumbini, aliyekuwa fundi wa taa za jukwaa, na kama kuna mtu anataka kubadilishana na friji aje Rangi Tatu na risiti. Halafu akasema, hii bila utani, kwamba siku alipokwenda benki kuomba mkopo wa duka alitetemeka magoti mpaka mlangoni, pale akakumbuka kuna usiku aliwahi kutembea mbele ya ukumbi mzima na kisigino kimoja kimekatika, akatembelea vidole mpaka mwisho. Akaingia. "Wale walikuwa wawili tu, shoga. Wawili na kikokotoo."

Nimerudi nyumbani nimechangamka mpaka Baba Junior akaniuliza kama barua imekuja na nyongeza ya mshahara. (Haijaja.)

Sasa yule mmoja aliyebaki, ambaye hakusema wateja wengi, ni huyu wa Lindi. Alipoulizwa ataifanyia nini kampuni alifikiri kidogo akasema: "Nitapokea simu." Nyie mliowahi kugongwa gari mkapiga simu idara yetu mnajua kwamba hakuna jibu bora kuliko hilo. Hakuna aliyeliandika. Nimeangalia karatasi zote nne: kwenye ufahamu wa kazi Kalamu Nyekundu kampa ishirini na mbili kati ya arobaini. Kwenye muonekano na utanashati kampa tisa.

Na karatasi yangu? Hapa ndipo nisipopapenda. Jumanne kwenye kujiamini nilimpa ishirini na moja. Baada ya simu ya Mama Zai nikakata, nikaandika ishirini na saba, nikaweka sahihi pembeni kama utaratibu unavyotaka. Kwa hizo sita amekuwa wa pili, nyuma ya kijana mmoja kwa alama mbili. Sijui kama zile sita ni zake, au ni za namba nane. Mtu aliyetamka friji mbele ya watu wanne wanaocheka, akamalizia sentensi yake, anastahili ishirini na saba, nami ningemtetea popote. Lakini nilijua hayo Jumanne ile ile, kalamu ikiwa mkononi.

Kesho saa nne tunakutana kuamua. Nimefanya mazoezi ya sentensi moja: "Mimi pia niliwahi kupanda jukwaani." Nikiisema kabla ya alama nitaonekana nambeba. Nikiisema baada ya alama haina maana. Nisipoisema kabisa, ile meza ni ya kioo.

Halafu Junior. Leo kwenye kupiga mswaki nimeona jino jipya limechomoza nyuma ya lile la utoto, la chini mbele, na la utoto halitikisiki hata kidogo. Bibi yake anasema lifungwe uzi, lirushwe juu ya paa. Baba yake anasema litaanguka lenyewe. Nimelitikisa akiwa usingizini, limekaza kama msumari.