Kiwayu kwa Maji ya Bamvua: Siku Moja Kazini

Saa 9 usiku

Kazi ya kupeleka wageni kupiga kambi kisiwani Kiwayu, kaskazini mwa Lamu, huanza kwa kuhesabu mitungi. Hema, majamvi, makaa, nazi na mchele hupakiwa tangu jioni, lakini maji huyahesabu tena mimi mwenyewe kabla hatujang'oa nanga, tochi ikiwa mdomoni. Mitungi 15 ya lita 20 ni lita 300. Wageni 8, sisi wa chomboni 4, siku tatu. Gawanya, utaona kila mtu ana lita 8 na kitu kwa siku. Humo atakunywa, atapikiwa, atapiga mswaki na atasuuza chumvi mwilini. Aliyezoea bomba ndani ya nyumba huziona nyingi, mpaka aoge mara moja.

Maji yenyewe ni ya visima vya Shela. Mvua huzama kwenye vilima vya mchanga kule, ikakaa chini, na mji wa Amu, yaani Lamu, hunywa kutoka huko. Chupa za dukani sipakii. Tangu Juni 2020 plastiki ya kutumia mara moja ni marufuku ndani ya mbuga na hifadhi za taifa Kenya nzima, na Kiwayu imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga. Hata bila sheria nisingezipakia. Chupa tupu huchukua nafasi ileile ya chupa iliyojaa, na kuzirudisha mjini hukumbukwa na mtu mmoja tu, naye ni mimi.

Nahodha ni ami yangu, ndugu wa baba. Yeye ni wa bahari, mimi ni wa watu: chakula, malazi, usalama, maswali. Kusema kweli, yeye ndiye mwenye nafuu.

Wageni walifika gatini saa 9:20, walimu watano kutoka Nakuru na jamaa watatu wa Mombasa, macho mazito. Viatu vikavuliwa, kwa kuwa chomboni hatupandi na viatu, jaketi za kujiokoa zikafungwa, kila mtu akaonyeshwa pa kukaa.

"Lazima tutoke saa hizi?" aliuliza mwalimu mmoja wa makamo.

Ami alikuwa anavuta kamba ya nanga. "Uliza mwezi, mwalimu. Mimi pia nimeamshwa."

Saa 10 usiku

Kutoka Amu kwenda kaskazini kuna njia mbili. Ya nje hutokea mlango wa Shela ikakizunguka kisiwa cha Manda upande wa bahari kuu. Chombo hurushwa huko, na wageni hutapika kabla hawajaona chochote cha kusimulia. Ya ndani ni Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko kulia na kushoto. Ni njia ya raha kwa sharti moja, maji yawe yamejaa.

Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, bamvua yenyewe. Siku hizo kwetu maji hujaa alfajiri na jioni, yakapwa katikati ya asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 3. Jahazi likikosa maji ya alfajiri pale Mkanda huweza kukaa topeni hadi mchana, na wageni juu yake. Ratiba yangu yote ya siku hutoka hapo. Watu huniandikia wakitaka "tuondoke saa mbili baada ya chai". Huwajibu kwa heshima kwamba saa mbili hiyo ipo, ila kwa wiki nyingine.

Tuliingia kwa mashini, polepole. Kijana wetu alisimama omo, mbele ya chombo, na pondo, ule mti mrefu wa kupimia maji, anachoma chini na kutoa sauti: "Maji! Maji! Maji! Haba!" Ami akasogeza usukani kidogo tu. "Maji!" Mwezi ulikuwa umeegemea magharibi, mikoko imezama hadi kwenye matawi, na wale walimu waliokuwa wanasinzia walikuwa wamekaa wima wote, wanahesabu naye kimoyomoyo.

Tulipotoka upande wa pili taa za Bandari ya Lamu zikatokea. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na bado wageni hushtuka kukuta bandari ya meli kubwa mahali walipotarajia giza. Wavuvi wana yao ya kusema kuhusu ule mlango wa meli uliochimbwa. Anayetaka kuyasikia akae karibu na ami, ila asiwe na haraka.

Saa 11 alfajiri

Tulisali kwa zamu, mmoja akishika usukani. Kahawa tungu, tende.

Saa 12:30 asubuhi, Manda Toto

Tukatia nanga. Jiko letu hukaa ndani ya sanduku la mbao lililojaa mchanga, ili kaa likiruka lifie mchangani. Mpishi alikuwa ameukanda unga wa mahamri mjini jana yake, hapa ilikuwa kukaanga tu na kupasha mbaazi za nazi.

Baada ya chai ni darsa. La choo ndilo refu kuliko yote, nami silipunguzi: shimo refu, mbali na maji, mbali na njia, na karatasi hurudi nasi mjini. Halafu la matumbawe: usikanyage, usishike, usivunje kipande cha kumpelekea mtoto. Ami husimulia mwaka 1998, bahari ilipopata joto na matumbawe ya pwani yetu yakageuka meupe kwa wingi na kufa. Anasema ilikuwa kuogelea juu ya mifupa. Wageni husikia hayo kwake wakanyamaza. Wakiyasikia kwangu huuliza kama kuna mtandao.

Wakaingia majini na miwani. Wawili hawakujua kuogelea, nikabaki nao kwenye maji ya kifuani.

Saa 4:45 asubuhi

Maji yalikuwa yamepwa kabisa, na subira ya wageni nayo. Upepo upo, chombo kipo, nahodha amelala chini ya turubai. Wanaona kama tunapoteza siku. Zamani nilikuwa nafafanua kwa maneno mengi. Sasa huchomeka kijiti mchangani, hatua chache juu ya ukingo wa maji, nikawaambia kijiti kikilowa tunaondoka. Basi wakakaa kukilinda, na mmoja wa Mombasa akaanzisha kamari ya madafu juu yake. Ule mlango ulio mbele yetu, kati ya kisiwa cha Pate na bara, una mafungu ya mchanga na tope. Kwenda kuyapima kwa mkuku, uti wa chini wa chombo, si kazi ya mtu mwenye akili.

Saa 5:30 asubuhi

Kijiti kililowa. Tanga letu ni moja, la pembe tatu, lakini foromali inayolibeba ni mti mzima, na sisi wanne huipandisha kwa jasho. Wageni wakaitwa kwenye kamba. Mwalimu wa makamo, yule wa saa 9 usiku, ndiye aliyevuta kwa nguvu kuliko wote na kututolea sauti ya kuvutia pamoja, ya shuleni kwao nadhani.

Ilikuwa demani. Kusi, upepo wa kusini, imekwisha nguvu zake kali lakini bado yavuma, na kwa anayekwenda kaskazini hakuna upepo mzuri kuliko huo. Mashini ikazimwa, ukasikika mlio wa maji ubavuni peke yake. Kurudi ndiko kwenye hesabu, maana upepo uleule utatujia usoni. Itatubidi kwenda mbisho, kwa mshazari huku na huku dhidi ya upepo, kutwa au kuunguza petroli.

Tukaipitia Pate kwa ndani. Mkono wa kulia ni mikoko, na nyuma yake Siyu, mji wa ngome na mafundi wa ngozi. Kuna hori, mkono mwembamba wa bahari, la kuingilia, chombo huingia maji yakiwa makubwa tu. Huulizwa kila mara kwa nini hatusimami Siyu na Shanga. Kwa sababu Siyu na Shanga zinataka siku yao. Magofu ya Shanga yana mabaki ya misikiti tangu karne ya 8, na kuyaona mbiombio huku unatazama saa ni kuyavunjia heshima.

Saa 8 mchana

Tulikuwa tumerambaza tangu Mtangawanda, gati la Pate, mshipi nyuma ya chombo, tukapata kolekole mmoja wa kutosha wote. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, ukwaju.

Hapo ndipo nikasikia maji yanamwagika. Sauti hiyo chomboni naijua hata usingizini. Dada mmoja wa Mombasa alikuwa amekaa ubavuni na mtungi kati ya magoti, anaosha nywele. Alikuwa amefika kama robo ya mtungi.

Mabaharia walinitazama mimi. Ami alitazama tanga.

"Dada," nikamwambia, "chumvi inawasha, siyo?"

"Inawasha sana. Si nimeona mitungi ni mingi?"

"Ni mingi. Twende tuihesabu mimi na wewe."

Tukaihesabu. Nikampa zile hesabu za usiku, watu 12 kwa siku tatu, na nikamweleza kuhusu kijiji tunakokwenda. Kiwayu ni kisiwa chembamba cha mchanga na mawe, maji tamu hakina ya kuaminika. Watu hutegemea jabia, uwanja uliosakafiwa kwa mwinamo unaokusanya mvua na kuipeleka kwenye tangi lililochimbwa chini. Mvua ikichelewa, jabia hukauka na maji yakaletwa kwa chombo, kwa pesa. Mgeni anayekwenda kuomba maji kule hapewi maji ya ziada, anapewa ya mtoto wa mtu, na hatanyimwa, kwa sababu watu wa kule hawajui kunyima. Ndiyo maana mimi siombi, na mgeni wangu haombi.

Hakununa. Akauliza, "Sasa nani anashika ufunguo wa haya maji?" Hakuna ufunguo, nikamwambia, lakini nafasi ya mweka hazina iko wazi. Akaichukua. Kuanzia hapo kila aliyetaka kusuuza mwili alipewa kikombe kimoja, baada ya kujiosha kwanza kwa maji ya bahari, na hata mimi nilikataliwa cha pili.

Saa 9 alasiri

Boti ya doria ilitusogelea karibu na kisiwa cha Ndau. Salamu, vitambulisho, wametoka wapi, wanakwenda wapi, wanarudi lini. Orodha ya majina nilikuwa nimeiacha kituoni Amu jana yake, mambo yakaisha upesi. Baada ya mashambulizi ya mwaka 2011, watalii walipotekwa na watu wenye silaha, wageni walikauka huku kwa miaka, na vyombo vingi viliuzwa au vikaozea ufukweni. Wapo waongozaji wanaowaficha wateja habari hiyo hadi waione boti yenye bunduki. Mimi huisema siku ya kupanga safari, pamoja na bei. Atakayeghairi ni heri aghairi akiwa kwao.

Saa 10:15 jioni, Kiwayu

Maji yalikuwa yanakaribia kujaa tena, kwa hiyo ami alilipeleka jahazi hadi karibu na mchanga. Hii nayo ni faida ya bamvua: ukifika jioni hushushi mizigo kwa kutembea nusu saa kwenye tope. Tulipanga mstari, mitungi ikapita mkono kwa mkono.

Nilikwenda kwanza kwa wazee wa kijiji kusalimia na kusema tuko wangapi na tutakaa wapi. Wakati huo vijana wakaanza hema. Sheria ni mbili: juu ya mstari wa mwani mkavu, maana hapo ndipo maji ya bamvua hukomea, na mbali na alama zozote za kasa. Tulikuta mburuzo mmoja wa zamani upande wa nje wa kisiwa, umepanda hadi vichakani. Mama kasa huchimba shimo, hutaga mayai mia na zaidi, hulifukia na kurudi majini. Vifaranga hutoka baada ya kama miezi miwili, na joto la mchanga ndilo linaloamua watakuwa majike au madume. Mwalimu wa sayansi alinifanya nirudie hilo la mwisho. Halafu akawaeleza wenzake vizuri kuliko mimi.

Saa 11:45 jioni

Tukapanda kilimani. Mashariki bahari kuu inapiga mwambani, na visiwa vidogo vya mawe vimejipanga kuelekea Kiunga. Hifadhi nzima ina kama 50 vya namna hiyo, na imekuwa hifadhi tangu 1979. Magharibi ni maji yaliyotulia, mikoko, kisha bara ya Dodori, pori tupu. Sikusema kitu. Sehemu hii ya kazi haihitaji mwongozaji, nami huitumia kupumzisha magoti.

Saa 2 usiku

Kamba wa makaa kutoka kwa wavuvi wa Kizingitini waliokuwa wametia nanga hapo, mkate wa mofa wa jana uliopashwa, chai ya tangawizi. Mwezi ulitoka ukiwa mkubwa, nikaomba tochi zizimwe upande wa ufukwe wa nje, kwani taa humrudisha kasa baharini kabla hajataga. Jamaa mmoja wa Mombasa alisimulia vichekesho mpaka mpishi akalala chini kwa kucheka.

Saa 3:30 usiku

Mweka hazina alinikabidhi hesabu bila kuulizwa: mitungi minne na nusu imetumika, pamoja na zile nywele. Kumi na nusu imebaki. Kwa mwendo huo kuna ya ziada, na ya ziada siku ya mwisho huwa tunaiacha kijijini.

Nikamfuata ami chomboni, halali ufukweni. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo kesho yatajaa saa 11:20 alfajiri au karibu na hapo. Akitaka kuwafikisha wageni kwenye visiwa vya mwambani na kurudi kabla ya upepo wa mchana, ni lazima tuvuke fungu la mdomoni kabla ya jua.

"Waamshe saa kumi," akasema.

"Mwalimu atalia."

"Na alie. Machozi hayatoki mtungini."

Nikaenda kumwambia mpishi aloweke mbaazi.