Nyaraka zimo ndani ya kompyuta yenyewe: nilivyozisoma kwa brauza hapa Mwanga, Kigoma, mtandao ukiwa umelala

Ushauri unaonikera kuliko wote hapa mjini ni huu: "Dada, bila bando hujifunzi Linux." Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows ilivyo. Ushauri huo nimeusikia kwa mafundi ninaowaheshimu. Kila ukisemwa kuna kijana anatoa elfu mbili, elfu tatu za bando ili atafute maana ya amri ambayo maelezo yake yote yamo kwenye diski ya kompyuta aliyoikalia. Inaniuma, maana hela hiyo kwa mtoto wa Gungu au wa Ujiji ni chakula cha siku.

Mimi nina steshenari Mwanga. Kompyuta zangu ni za mtumba na zinatumia Debian 12, mojawapo ya aina za Linux. Jioni wateja wakipungua nafundisha vijana wachache. Mei 2024, mikongo ya chini ya bahari inayotuletea intaneti ilipokatika, nchi nzima ilipata tabu, na huku kwetu kuna siku hata ujumbe wa WhatsApp ulikuwa unazunguka tu. Siku hizo hizo nilitaka printa yangu kubwa ipokee kazi kutoka kompyuta zote za dukani, siyo ile moja iliyochomekwa. Fundi mmoja akaniambia nisubiri mtandao urudi. Mwingine akasema nirudishe Windows yaishe. Wateja wangu wengine wanatoka Kibirizi na fomu za mizigo mkononi, boti inawasubiri. Nawaambiaje wasubiri mikongo iunganishwe?

Nikakumbuka kwamba CUPS, mfumo unaoendesha printa kwenye Linux, una ukurasa wake ndani ya mashine. Nikafungua brauza, nikaandika localhost:631/help (localhost maana yake ni kompyuta hii hii). Ukafunguka papo hapo, bila hata baiti moja kutoka nje. Mle ndani kuna mada nzima ya kushirikisha printa, imeandikwa na waliotengeneza mfumo wenyewe. Nilichohitaji kilikuwa mistari miwili ya kuandika kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

cupsctl --share-printers
lpadmin -p duka -o printer-is-shared=true

Hiyo "duka" ni jina nililoipa printa, wewe weka la kwako. Kabla ya adhuhuri kompyuta zote zilikuwa zinachapisha. Nilifurahi, kusema kweli, na furaha ile ndiyo iliyonitia hamu ya kujua: kama maelezo ya printa yamo humu, ni mangapi mengine yamo na sisi tunayalipia bando?

Jibu ni kwamba yamo karibu yote. Debian ina kanuni kwamba kila pakiti, yaani programu iliyofungashwa tayari kuwekwa, iweke nyaraka zake chini ya /usr/share/doc, kwenye folda yenye jina la pakiti hiyo. Kila pakiti, hata iwe ndogo namna gani, ina angalau taarifa ya hakimiliki pale. Nyingi zina historia ya mabadiliko, nyingi zina maelezo ya msimamizi wa pakiti, na baadhi zina vitabu vizima vya HTML, yaani kurasa za kusomwa kwa brauza. Ukiandika file:///usr/share/doc/ kwenye brauza unaona orodha yote. Watu wengi huishia hapo, na sababu yenyewe nitaieleza kirefu kwa sababu ilinipotezea jioni nzima.

Unabofya folda, unaona README.Debian.gz (yale maelezo ya msimamizi wa pakiti), unabofya, na badala ya kuisoma, brauza inaipakua. Changelog, ile historia ya mabadiliko, nayo hivyo hivyo. Hii ni kwa sababu Debian wanapotengeneza pakiti hubana mafaili ya nyaraka yanayozidi kilobaiti 4 ili kuokoa nafasi (ndiyo maana ya .gz), isipokuwa HTML, picha na faili la hakimiliki. Kwenye diski ni uamuzi mzuri, ila ukisoma kwa brauza ni karaha, maana kila faili unalotaka linaishia kwenye folda ya mapakuzi.

Kwanza nikajaribu kuwasha seva ndogo ya Python, yaani programu inayozipelekea brauza mafaili:

python3 -m http.server 8000 --directory /usr/share/doc

Uzuri wake ni kwamba hata kompyuta nyingine za dukani ziliweza kuona orodha kupitia anwani ya mashine yangu. Ila mafaili ya gz yakawa yanapakuliwa vile vile. Basi nikasema nitayafungua yote mara moja. Nikanakili folda nzima nyumbani kwangu, nikaamuru kila chenye gz kifunguliwe:

cp -rL /usr/share/doc ~/nyaraka
find ~/nyaraka -name '*.gz' -exec gunzip {} +

Mashine ikahema. Mle kuna viungo vinavyoelekeza kwenye mafaili yasiyokuwepo, kwa hiyo cp ililalamika mistari na mistari, lakini kazi iliisha. Nikawasha seva upya ikiangalia folda mpya, nikabofya README.Debian, safari hii bila gz. Ikapakuliwa tena! Kijana mmoja ninayemfundisha akanitazama, "Dada, si umeshazifungua?" Nilikuwa nimezifungua kweli. Kisa ni kwamba seva ile ya Python hutambua aina ya faili kwa herufi za mwisho wa jina, na ".Debian" haiijui. Faili linaloitwa "copyright" tu, lisilo na nukta yoyote, hailijui pia. Isichokijua hukipeleka kwa brauza kama kitu cha kupakua. Ningeweza kuongeza .txt kwenye kila jina, lakini hapo viungo vilivyo ndani ya kurasa za HTML vingevunjika, na kila nikisasisha pakiti ningerudia kazi yote upya. Nikaifuta ile nakala. Hata hivyo ile jioni nisingeibadilisha na kitu, maana vijana waliona kwa macho yao jinsi seva na brauza zinavyoelewana kuhusu aina ya faili, somo ambalo mdomo mtupu haulifikishi.

Njia ya pili ilikuwa kurasa za man, yaani maelezo ya amri moja moja yanayokuja na Linux. Ukiandika man -Hfirefox ls, ukurasa wa ls, amri ya kuorodhesha mafaili, unatakiwa ufunguke kwenye Firefox ukiwa HTML. Kwangu ulikataa. Debian ya kawaida huja na groff-base, na hiyo haina sehemu ya kutengeneza HTML. Inatakiwa pakiti kamili ya groff. Ukishaiweka inafanya kazi, lakini ni ukurasa mmoja mmoja, na mimi nilitaka maktaba.

Maktaba yenyewe inaitwa dwww. Ni pakiti ya Debian iliyotengenezwa kwa kazi hii moja: inachukua nyaraka zote zilizomo ndani ya mashine, za HTML, za maandishi matupu, kurasa za man, na inazionyesha kwenye brauza kupitia seva ya wavuti kama Apache. Mafaili yaliyobanwa inayafungua yenyewe pale pale unapobofya. Nilipoona README.Debian.gz inafunguka kwenye brauza, maandishi safi, niliita kila aliyekuwa dukani aje aone. Mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho alidhani nimepata habari kubwa. Na ilikuwa kubwa.

Kuipata kulihitaji mtandao kidogo, nao ulikuwa wa kusuasua. Niliacha apt-get, amri ya Debian ya kupakua na kuweka programu, ikivuta usiku. Ukikatika katikati, unairudia tu, inaendelea pale ilipoishia. Hapa nina ushauri mmoja wa maana: tumia apt-get, siyo apt, kama unataka kubaki na mafaili ya deb, yaani pakiti zenyewe. Amri ya apt huyafuta ikishamaliza kuweka programu; apt-get huyaacha /var/cache/apt/archives, na hapo unayachukua kwa flashi kumpelekea mwenzako wa Kasulu au Kibondo naye asinunue bando. Ukiongeza -d inapakua bila kuweka.

Baada ya kuweka, localhost/dwww ilifunguka vizuri lakini kila nikibofya kiungo cha waraka napata 404, kosa la ukurasa kutopatikana. Kilichokosekana ni CGI kwenye Apache, yaani uwezo wa seva kuendesha programu inayotengeneza ukurasa. Unaandika a2enmod cgi, nayo itakuambia inachagua cgid badala ya cgi kwa sababu ya jinsi Apache inavyogawa kazi zake. Usishtuke, iache ichague, kisha washa Apache upya. Nilimuuliza fundi mmoja kabla sijagundua, akaniambia nifute Apache yote nianze mwanzo. Msikubali ushauri wa kufuta kabla ya mtu kusoma kosa limesema nini.

Sasa utamu wenyewe. Kwenye kurasa za man, ile sehemu ya mwisho inayotaja kurasa nyingine zinazohusiana, majina yanakuwa viungo. Unasoma chmod, unabofya chown, unatoka hapo unakwenda kwingine, na saa inakatika unajifunza. Vijana wangu walikuwa wanaogopa kurasa za man kwenye terminali, hawajui hata kutoka humo unabonyeza q. Kwenye brauza hawana woga kabisa, brauza wanaijua tangu simu zao za kwanza.

Tena kuna pakiti ambazo ni nyaraka tupu, nyingi majina yao yanaishia na -doc: python3-doc, postgresql-doc, apache2-doc. Hiyo ya Apache ukishaiweka unaisoma localhost/manual. Anayejifunza Python hana haja hata ya dwww: python3 -m pydoc -b inafungua brauza yenyewe na kuorodhesha moduli zote zilizomo.

Kuna kijana hapa ametokea Kalemie, ng'ambo ya ziwa, Kiswahili anakijua vizuri ila shule yote amesoma kwa Kifaransa, na Kiingereza kinampa tabu. Nilimwekea manpages-fr. Aliposoma ukurasa wa ls kwa Kifaransa uso wake ulibadilika. Siku hiyo hiyo ndiye aliyekuwa anawaelekeza wenzake. Kwa Kiswahili hakuna pakiti ya namna hiyo, na natamani sana sisi tunaozungumza lugha hii tuanze kutafsiri, hata zile amri chache za kila siku tu.

Ili kompyuta nyingine za dukani zisome kutoka mashine moja, fungua /etc/apache2/conf-available/dwww.conf. Utakuta mstari wa Require local, maana yake mashine yenyewe tu ndiyo inayoruhusiwa. Mimi niliongeza chini yake Require ip 192.168.1, nikaiamuru Apache isome mipangilio upya. Weka namba za mtandao wako wa ndani. Msiandike Require all granted kama alivyonishauri mmoja, hasa mashine ikiwa inaonekana kutoka nje. Kurasa hizi zinataja kila programu uliyoweka na toleo lake, na mwenye nia mbaya hahitaji zaidi ya hapo kujua pa kuanzia.

Na jambo ambalo huenda likakusumbua kama lilivyonisumbua: orodha ya nyaraka hujengwa upya na kazi ya kila siku ya cron, programu inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa, na kwenye Debian kazi hizo zimepangwa saa 12 na dakika 25 asubuhi. Duka langu saa hiyo bado limefungwa na mashine zimezimwa. Weka anacron, itafidia mashine ikiwashwa. Ukiwa na haraka, ingia kama root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, uandike dwww-build-menu, kisha onyesha ukurasa upya.