Kihenge cha bati, mzingo mita 3.94: kinameza kilo ngapi za mahindi?

Kazi ya awamu hii ni moja: kujua kihenge kinachukua kilo ngapi kabla ya kuanika mahindi, ili yasije yakabaki magunia mawili nje bila pa kuyaweka, au kihenge kikabaki nusu na hewa tele ndani. Chenyewe ni cha mabati ya kuchomelewa kwa risasi, duara, paa bapa, mdomo wa juu katikati na mdomo mdogo wa kutolea chini ubavuni. Kimekaa juu ya jukwaa la mbao.

Siku ya 1: vipimo

Kipenyo hakikupimwa. Kukadiria kipenyo kwa kulaza futi juu ya paa ndiko kunakowakosesha wengi, kwa sababu futi ikipita pembeni ya kitovu inasoma pungufu, ikining'inia nje ya ukingo inasoma zaidi, na kosa lolote la kipenyo linajizidisha mara mbili kwenye ujazo. Kwa hesabu ya mzingo, kihenge hiki kina kipenyo cha mita 1.25. Ukisoma 1.30, umejiongezea kilo 130 ambazo hazipo.

Kinachopimwa ni mzingo. Waya mwembamba wa kufungia nondo unazungushwa, unawekwa alama, kisha unanyooshwa sakafuni na kupimwa kwa futi ya chuma. Kamba ya nailoni haifai, inavutika. Pima mara tatu: karibu na chini, katikati na juu, ukikwepa mikunjo ya maungio. Tulipata 3.95, 3.94 na 3.93, tumechukua 3.94. Kimo kimepimwa kwa ndani, kwa fito iliyopitishwa mdomoni hadi sakafu ya kihenge: mita 1.92.

Hesabu: mzingo mara mzingo, mara kimo, gawanya kwa 12.57.
3.94 × 3.94 × 1.92 ÷ 12.57 = 2.371, yaani lita 2,371.

Unene wa bati ni nusu milimita, hauna athari. Kihenge cha fito kilichokandikwa udongo ni habari nyingine: kila sentimita moja ya unene wa ukuta inapunguza mzingo wa ndani kwa sentimita 6.3. Jirani ana kihenge cha namna hiyo, kimo mita 1.40, kimetuna tumboni: mizingo ya nje ni 3.10 chini, 3.90 katikati, 2.90 juu, ukuta sentimita 4. Kwa umbo hilo usichukue wastani wa kawaida. Kila mzingo uzidishe kwa wenyewe, wa katikati uuhesabu mara nne, jumlisha yote, gawanya kwa 6, ndipo uzidishe kwa kimo na kugawanya kwa 12.57. Kwa vipimo vya nje kinatoka lita 1,464. Ukiondoa sentimita 25 kwenye kila mzingo zinabaki lita 1,270. Tofauti ni karibu kilo 140 za mahindi, na hizo ni udongo mtupu.

Siku ya 2: lita moja ina uzito gani?

Vitabu vinatoa takriban kilo 720 kwa mita moja ya ujazo ya mahindi makavu, mtama hivyo hivyo, maharage na ngano 770, mpunga 580 tu. Alizeti ni nyepesi zaidi, kati ya 310 na 410 kutegemea mbegu. Namba hizo ni za kuanzia. Mbegu, unyevu na takataka hubadilisha, kwa hiyo pima ya kwako.

Ndoo inayouzwa kama ya lita 20 si lazima iwe na lita 20. Ipime tupu, kisha ijaze maji hadi ukingoni uipime tena: kila kilo ya maji ni lita moja. Hii ilikuwa na lita 20.6. Ikaushe, mimina mahindi taratibu bila kuitikisa, sawazisha kwa fito iliyonyooka. Yalitoka kilo 15.2, yaani kilo 0.738 kwa lita. Rudia mara tatu na uchukue wastani. Ukiitikisa ndoo punje zinashikana, na utapata namba ambayo kihenge hakitakupa.

Hapa panaeleza pia ugomvi wa sokoni. Debe sita za kusawazisha kwa ndoo hii ni kilo 91, wala si 100. Gunia la "debe sita" linafika mia pale tu debe linapowekewa kilele, na kilele cha mnunuzi ni kirefu kuliko cha muuzaji. Kwa kuhesabu kihenge, acha magunia, tumia mizani.

Makadirio: 2,371 × 0.738 = kilo 1,750.

Siku ya 3: kujaza

Mahindi yalipepetwa, yakapimwa kwa chumvi: chumvi kavu ikitikiswa na punje ndani ya chupa kavu kwa dakika chache, isishike kwenye kioo. Ikishika, rudisha juani. Yaache pia yapoe kivulini kabla ya kuyaingiza, la sivyo mvuke unatulia chini ya paa na tabaka la juu linavunda.

Kila gunia lilipita kwenye mizani. Ncha ya rundo iligusa mdomo kwenye kilo 1,585, na ukiangalia kwa juu ungeapa kwamba kimejaa. Mahindi hayajai kama maji; yanateremka kwa mwinamo wake. Kuujua mwinamo, mwaga ndoo moja sakafuni: rundo lilikuwa na upana wa sentimita 70 na kimo 16, yaani linashuka sentimita 46 kwa kila mita. Kutoka kitovu hadi ukutani ni mita 0.63, kwa hiyo pembeni mahindi yalikuwa chini ya paa kwa sentimita 29. Theluthi mbili za tabaka hilo ni tupu: lita 237, kilo 175.

Reki ya mbao yenye mpini mfupi, ikipitishwa mdomoni, ilisukuma mahindi pembeni hadi yakabaki kama sentimita 4 chini ya paa. Ziliingia kilo 137 zaidi, jumla 1,722. Faida si nafasi tu. Kihenge kisichopitisha hewa kinaua dumuzi, wadudu wanaotoboa punje, kwa kuwamalizia oksijeni, na pengo lile la pembeni lingewaachia lita 50 za oksijeni za bure. Mshumaa unaowashwa ndani kabla ya kufunga, ili ule oksijeni, peke yake haumalizi kazi: huzimika oksijeni ingali nyingi. Wadudu wenyewe ndio wanaomalizia iliyobaki, mradi kifuniko kimezibwa kwa mpira au nta.

Anayetaka kujua avune kiasi gani: kilo 1,722 za unyevu wa asilimia 13 zilikuwa kama kilo 1,827 zilipokuwa na asilimia 18. Zidisha kwa 87, gawanya kwa 82.

Jukwaa sasa linabeba karibu tani 1.4 kwa kila mita ya mraba. Mbao mbili za katikati zilianza kubonyea, zimeongezewa nguzo. Sakafu ya bati ikibonyea, maungio ya chini ndiyo yanayofunguka kwanza.

Siku ya 4: fito ya kusomea

Kila sentimita ya kimo ni lita 12.35, sawa na kilo 9.1. Fito imechorwa mstari kila sentimita 11, mstari mmoja kilo 100. Mahindi yakitolewa kwa mdomo wa chini, juu hutokea shimo kama faneli, kwa hiyo sawazisha kwanza kwa reki ndipo usome. Na usome haraka: kila mara kifuniko kinapofunguliwa, hewa mpya inaingia.