Ndovu wangu na ndovu wake

Hii stori nimekaa nayo rohoni tangu turudi kutoka mlimani, kila siku nasema nitaandika kesho, na kesho ikifika kuna nguo za kufua na homework ya watoto, kwa hivyo wacha niandike leo wakiwa wamelala.

Mimi na mzee wangu, yaani mume wangu, tulikuwa tumeahidiana safari ya wawili tu kwa muda mrefu sana, ile ya kulala mahali hakuna stima ya kutegemea wala netiwaki ya maana. Mwishowe dada yangu akakubali kubaki na watoto, tukapakia masweta, blanketi, chakula na kuni, tukatoka Nairobi kukiwa bado giza. Tulikuwa tumelipia banda la KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, karibu na geti la Sirimon, upande wa kaskazini magharibi wa Mlima Kenya. Mimi ndiye nilichagua, yeye alisema tu sawa, na nikafikiri hiyo sawa ilikuwa ya uchovu wa kazi.

Barabara ya Thika ilikuwa tupu, Sagana tukapita mapema, Karatina tukasimama kununua maparachichi na viazi (ukipita Karatina bila kubeba kitu umejinyima bure). Ukitoka hapo unaanza kuusikia mwinuko kwa masikio, na kama umewahi asubuhi kabla mawingu hayajajaa unauona mlima wote, vile vilele viwili, Batian na Nelion, vimesimama pamoja juu kabisa. Batian ina mita 5,199, nilikuwa naijua hiyo namba tangu shule ya msingi lakini namba haikuandai kwa kitu chenyewe. Niliongea peke yangu karibu njia yote ya Kiganjo. Tulipofika Naro Moru ndio nikaona mwenzangu amezima redio na anaangalia kulia tu, upande wa msitu.

Akaniambia, "Mama, sisi tulikuwa tunalima kule juu."

Nilijua ametoka hizo pande, hilo si geni, lakini hajawahi kunieleza vizuri walikuwa wanaishi vipi. Marehemu baba yake alikuwa kwenye ule mpango wa shamba, ule ambapo unapewa kipande ndani ya msitu wa serikali, unapanda miche ya miti yao, unaitunza, na katikati ya miche unaruhusiwa kulima viazi na mahindi yako mpaka miti ikue iweke kivuli, halafu unahamia kipande kingine. Kwa familia isiyo na ardhi hiyo ilikuwa ndio chakula, ndio karo, ndio kila kitu. Akaishia hapo, na mimi sikumsukuma.

Tukapita kile kibao cha ikweta ambapo watu hupiga picha, Nanyuki tukajaza mafuta, na kama kilomita 15 mbele ukielekea Timau unakunja kulia, unaacha lami, unafuata murram mpaka getini. Pundamilia walikuwa wamejaa kwenye nyasi kando ya barabara, wanakula tu hawana habari na sisi. Geti liko kwenye mita 2,650 hivi, na baridi yake hata saa sita mchana inakujia kwa miguu kwanza. Renja akatupa maagizo kwa upole, madirisha mfunge mkitoka kwa sababu kima wataingia wamalize chakula, usiku msitembee, na mkiona nyati yuko peke yake rudini nyuma polepole msimpigie kelele.

Banda lenyewe ni la kawaida, vitanda, jiko, mahali pa kuwashia moto, na mimi sikuhitaji zaidi ya hapo. Huo upande wa mlima ni mkavu kidogo, mianzi huioni kama pande zingine, ni mierezi mikubwa ya zamani yenye magome yanayochanika na zile nyuzi za lichen kama ndevu zinaning'inia kwenye matawi. Mchana tulikaa nje na chai tukaona mbega. Jamani, mbega! Mweusi na hilo joho jeupe mgongoni na mkia kama brashi ya kupaka chokaa, anatoka tawi la juu kabisa anajiachilia tu, hewani, unashika moyo, halafu anadaka matawi ya chini na kuendelea kama si yeye. Na mikono yake haina kidole gumba cha maana, kimebaki kigutu kidogo tu, vile vidole vinne ndivyo vinafanya kazi yote. Kulikuwa na mama ana mtoto mweupe pepepe kifuani, watoto wao huzaliwa hivyo, weupe wote, rangi nyeusi inakuja baadaye. Mzee wangu aliwatazama mpaka chai yake ikapoa na nilifurahi kumuona ametulia.

Usiku ndio mambo. Kwanza perere walianza kulia. Kama hujawahi kumsikia perere wa miti hutaamini kwamba mnyama mdogo kiasi cha sungura ana sauti ya namna hiyo, inaanza kama mlango wenye kutu unafunguliwa na inapanda mpaka inakuwa mayowe, na mmoja akianza wengine wanajibu bonde zima. Wanasayansi wanasema huyo ndiye mmoja wa ndugu wa karibu zaidi wa ndovu walio hai leo, na nilikuwa bado namweleza mume wangu hayo chini ya blanketi wakati tawi kubwa lilivunjika huko nje, kavu, paa! Halafu lingine. Halafu ile sauti ya chini ya tumbo, mngurumo mrefu, karibu sana na ukuta.

Mimi niliruka kutoka kitandani kwa furaha kwenda kwenye dirisha. Mwezi ulikuwepo nikaona mgongo, mgongo tu, unapita polepole nyuma ya miti, na sikio moja linapepea. Nikageuka nimuite na nikamkuta ameketi kitandani, miguu chini, amevaa viatu. Viatu! Saa nane ya usiku.

Akasema, "Wewe unafungua pazia. Sisi tulikuwa tunafunga mlango."

Ndio akaanza kuongea, na aliongea mpaka karibu kupambazuke. Akiwa darasa la tatu, mahindi yakianza kukomaa hakuna mtu alikuwa analala kwao. Baba yake anazunguka na tochi, mama yake anapiga debe, yeye na kaka yake wanalinda moto usizime, asubuhi wanaenda shule wakinuka moshi na mwalimu anawachapa kwa kusinzia. Na kuna usiku mmoja mvua ilinyesha moto ukazima, familia nzima ya ndovu ikaingia, na kulipokucha hakukuwa na hata hindi moja la kuchoma. Baba yake alitembea katikati ya shamba akiokota mabua akiyasimamisha, bua moja moja, kana kwamba yatashika tena. Hilo ndilo aliloshindwa kulimaliza kusema. Nimeishi na huyu mtu miaka yote hii na sikuwa nalijua.

Kulipokucha tukatoka. Kinyesi kilikuwa hatua chache kutoka kwa gari, bado kinatoa mvuke kwa baridi. Akachukua kijiti akakipasua, ndani ni nyuzi za magome na majani karibu mazima. Ndovu mkubwa anaweza kula kilo 150 kwa siku na chini ya nusu ndiyo tumbo linatumia, inayobaki inatoka hivyo. Akaniambia, "Angalia, ilibidi achukue shamba lote," na hakusema kwa hasira, alisema vile mtu anasema akipata hesabu iliyomsumbua siku nyingi.

Kabla ya kurudi tuliendesha mpaka karibu na Timau kuangalia ile njia ya chini kwa chini ya ndovu. Barabara kuu ya Meru inapita juu, wao wanapita chini, wanatoka msitu wa mlima wanafuata ushoroba wa kama kilomita 14 mpaka msitu wa Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa. Mwanzoni mwa 2011 dume mmoja aliyepewa jina Tony ndiye alipita wa kwanza. Na mwaka 2012 wakaanza kujenga uzio wa umeme kuzunguka msitu wa mlima, kwa ajili ya hao wanyama na kwa ajili ya wakulima pia. Mimi nilikuwa nauona uzio kama kitu kinachoharibu mandhari, nitasema ukweli. Sasa nikiuona nawaza ni watoto wangapi wamelala usiku mzima na kwenda shule macho makavu.

Mzee wangu alisimama pale kando ya barabara akahesabu kwa vidole, 2012, akatoa miaka. Akasema ingewahi kidogo tu, baba yake angeupenda huo waya.

Agosti tunarudi na watoto. Tumekubaliana yeye ndiye atawaeleza habari za mahindi, kule kule, nje ya banda kukiwa bado na mwanga, halafu usiku watachagua wenyewe kama ni kufungua pazia au kuvaa viatu. Nimeshaanza kutafuta masweta yao.